Jino la Nambari Sabini na Moja

Mwezi wa tano hapa Kodiak manyunyu hayajui kwao.
Mwindaji ameingia na fuvu ndani ya mfuko wa takataka,
ngozi ameilaza begani
kama mtu anayemrudisha mlevi nyumbani.
Delbert Krieger, wa Ohayo. Ndege yake ni saa tisa.

Mimi ndiye mng'oa meno wa serikali.
Sina ganzi, sina kiti cha kumlaza mgonjwa;
nina koleo, bisibisi nyembamba, bahasha za kaki.
Nang'oa kigego kile kidogo nyuma ya chonge,
kisichomsaidia dubu kutafuna wala kutisha,
ila ndicho kinachotunza hesabu.

"Dume," Delbert anasema, "babu wa mababu."
Naigeuza ngozi, natafuta ule ushahidi
ambao sheria inataka uachwe mahali pake.
Namwambia: jike.
Hita inakohoa pembeni.
Arseni Chernoff, aliyemwongoza kule ghubani,
anaangalia buti zake kana kwamba kamba zimefunguka.

Ukutani nina jedwali.
Watu hudhani dubu ni dubu. Mimi nawajua kwa mafungu:
wanaonyonya; madume vijana waliofukuzwa,
wanaozurura hadi kwenye mapipa ya kiwanda cha samaki;
majike wa makamo, waliobeba kisiwa kizima tumboni;
na madume wazee, ambao mwaka huu
ni kisanduku chenye sufuri.
Nyumba hii nguzo zipo, paa limetobolewa
tundu kwa tundu, na watu wenye vibali halali.
Hilo ndilo linalonichosha: hakuna wa kumkasirikia.

Dume mkubwa akiondoka, bonde halikai tupu.
Huja kijana mgeni,
na watoto anaowakuta huwatazama kama deni la mtu mwingine.
Risasi moja, naandika moja.
Sina safu ya waliokufa baadaye.

Arseni alirudi ndege ilipokwisha kupaa.
"Sikumtambua," akasema.
Akamenya chungwa lote, hakulila.
"Nilimtambua. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo."

Usiku wa tatu jino limelainika kwenye asidi.
Nalikata vipande vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
nakitia kimoja rangi, nainamia hadubini.
Kila kipupwe kimeacha mstari.
Nahesabu kwa ncha ya sindano, kwa sauti, kwa Kiswahili,
maana kila kitu nilihama nacho isipokuwa hesabu;
hiyo ilikataa kubadili lugha.
Ishirini na mitatu.
Mitano ya kwanza imeachana vizuri:
msichana, mto, samoni, hana wa kugawana naye.
Kisha miwili imebanana. Mmoja mpana.
Mitatu imebanana, imebanana, imebanana.
Hiyo ni miaka ya kunyonyesha; hata jino hujinyima.
Wembamba wa reli, treni inapita:
humu wamepita watoto saba, labda wanane.

Wa mwisho ni mpana kuliko yote.
Sheria humlinda mama mwenye watoto nyuma yake.
Huyu wake aliwaachilia mwaka juzi,
akala peke yake, akanawiri,
akawa halali.

Naandika: jike, 23. Nafunga bahasha.
Naisogeza ya sabini na mbili, ambayo bado inanuka.

Nikizima taa napitisha ulimi kwenye gego langu la nyuma.
Ule mwaka wa homa ya Nasra, uko wapi humo?
Na ile miwili ya zamu za usiku, nikipasua samaki
huku Idi amelala juu ya magunia ya chumvi?
Idi yuko baharini na meli ya kaa.
Nasra yuko Ankoreji, hupiga simu Jumapili, si kila Jumapili.
Juzi daktari amenipima, akafurahi,
akasema tangu Septemba
nimeongezeka kilo nne.